Mwalimu na ordinateri yake: Linux ilipoingia nyumbani

Mwezi huu tunazungumza juu ya zile kompyuta za zamani ambazo ndugu zetu waliokwenda kuishi Marekani, Canada au Australia wanatutumia. Sisi tuliotoka Kongo tunaziita ordinateri, wenyeji wetu hapa Tanzania wanasema kompyuta, lakini ugonjwa wake ni uleule: inafika imechoka, inawaka polepole kama mtu aliyeamshwa usiku, na baada ya miezi michache inajaa virusi vya flashi za watu.

Tena kuna jambo jipya. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Kompyuta haikuzimika siku hiyo, hapana, inaendelea kuwaka. Lakini yale marekebisho ya usalama ya kila mwezi yalikoma kwa wale ambao hawakujiandikisha kuongezewa muda. Na Windows 11 haikubali kuingia kwenye mashine yoyote tu. Inataka kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Laptopu zetu nyingi ni za 2011, 2012, 2013. Zimeachwa nje ya mlango.

Ndiyo maana vijana wa hapa kambini wanataja sana Linux. Kwa kifupi: ni mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows, lakini hauuzwi. Ulianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, akiwa na miaka 21, na leo maelfu ya watu duniani wanaurekebisha na kuugawa bure kwa sheria inayoruhusu mtu yeyote kuunakili na kumpa jirani. Kuna aina nyingi za Linux. Moja inaitwa Ubuntu, ilitolewa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake halihitaji mkalimani kwetu, ni utu. Nyingine ni Linux Mint, iliyoanza mwaka 2006, na hiyo ndiyo tutakayoizungumzia hapa. Wanaodhani mambo haya ni ya Wazungu peke yao wakumbuke kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya ofisi ya Kiswahili iitwayo Jambo OpenOffice mwaka huohuo wa 2004.

Maneno hayo ni matamu. Lakini kati ya kusikia kwamba ni bure na kuiona inafanya kazi nyumbani mwako kuna safari. Tulimfuata mwalimu mmoja wa sekondari ambaye ameipitia safari hiyo, akakubali tuandike habari yake bila jina.

Picha za bibi

Mwalimu huyu ana mke, watoto watano, na laptopu moja aliyoletewa na mdogo wake aliye Marekani kupitia mtu aliyekuja kutembelea. Ina RAM ya GB 4, na betri inayodumu dakika ishirini tu. Humo ndani kulikuwa na mambo mawili ambayo hayana bei. Kwanza, maswali ya miaka iliyopita na mazoezi ya binti yake anayejiandaa na Examen d'État. Pili, folda ya picha za familia, na ndani yake picha pekee ya mama yake mzazi mwalimu, aliyefariki Baraka kabla hawajavuka ziwa. Hakuna nakala nyingine ya picha ile. Ile ya karatasi ilibaki nyumbani siku walipokimbia.

Kijana mmoja fundi wa simu alimwambia, "Mwalimu, hiyo mashine tunaifuta yote, tunaweka Linux, inakuwa mpya kabisa." Mwalimu alikuwa tayari. Aliyesimamisha mambo ni mke wake, aliyekuwa anachambua maharage pale mlangoni. Akauliza swali moja tu: "Na picha za mama?"

"Ziko kwenye D, hazitaguswa," mwalimu akamjibu.

Hapa nataka tusimame kidogo, maana kosa hili tunalisikia kila mahali. Watu wanaamini kwamba C ni ya Windows na D ni sanduku la akiba lisiloguswa. Si kweli kila mara. Katika laptopu nyingi C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja, yaani diski moja iliyogawanywa. Programu ya kuweka Linux Mint inapokuuliza, ukichagua sentensi ya Kifaransa inayosema « Effacer le disque », inabomoa nyumba nzima, C na D pamoja. Haikuulizi tena kama ndani kulikuwa na picha za marehemu.

Basi wakaanza na kunakili. Wakaazima flashi ya GB 32 kwa jirani, mwalimu akahamishia picha zote humo, akaichomoa, akairudisha ili ahakikishe. Folda iko, ina jina lake. Akaibofya: hakuna kitu. Akaangalia ukubwa wake: KB 2. Picha karibu 3,000 haziwezi kukaa kwenye KB 2, hata mtoto wa darasa la tatu atakuambia.

Ilikuwa kazi ya virusi. Vile vinavyotembea kwa flashi vina mtindo mmoja maarufu: vinaificha folda yako ya kweli na kuweka mahali pake kijimlango chenye jina lilelile. Ukikibofya, unavisaidia kuenea. Watu wengi hapa wamefuta kila kitu kwenye flashi zao na kulia kwamba mafaili yamepotea, kumbe yalikuwa yamefichwa tu.

Kilichowaokoa ni Linux yenyewe, kabla hata haijawekwa. Linux Mint ukiiandika kwenye flashi, unaweza kuwasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo na kuitumia bila kugusa diski. Ni kama kulala kwa jirani usiku mmoja ili uone kama nyumba yake inavuja. Wakawasha hivyo, wakachomeka ile flashi ya picha, na folda ya kweli ikaonekana wazi pembeni ya kile kijimlango, kwa sababu Linux haifuati ile alama ya kuficha ya Windows, na virusi vya Windows havina nguvu kwake. Wakafungua picha moja moja. Ya bibi ilikuwemo. Wakainakili mara ya pili kwenye kadi ya simu ya mama wa nyumba, na mama akaiweka kadi mahali anapojua yeye mwenyewe.

Flashi, bando na jua

Turudi nyuma kidogo, tueleze ile flashi ya Linux ilipatikanaje, maana hapo ndipo wengi wanakwama na kukata tamaa.

Faili la Linux Mint lina karibu GB 3. Kwa bando letu hiyo ni pesa. Fundi alilipakua usiku kwa bando la usiku, na mara ya kwanza likakatika njiani bila yeye kujua. Faili lilikuwepo, lakini halikutimia. Wanaolitoa wanaweka pamoja nalo mstari mrefu wa herufi na tarakimu unaoitwa SHA256, na kompyuta yako inaweza kuhesabu wa kwake ili ulinganishe. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, faili si zima, pakua tena. Ni dakika mbili za subira zinazookoa siku nzima.

Halafu faili hilo halinakiliwi kwenye flashi kama wimbo. Ukilikokota tu na kuliacha humo, kompyuta haitawaka nalo, kama vile mbegu iliyobaki ndani ya gunia haioti. Linaandikwa kwa programu maalumu, kwa mfano Rufus, na flashi inatosha ikiwa na GB 8. Kila kilichokuwemo kwenye flashi hiyo kinafutika, kwa hiyo usiazime flashi yenye kwaya ya mtu.

Kisha kuna kitufe cha kuiambia kompyuta iwake kutoka kwenye flashi. Kila kampuni ina chake: Dell na Lenovo mara nyingi ni F12, HP ni Esc au F9, Asus ni Esc. Unakigonga mara nyingi mara tu unapowasha, kabla ya alama ya Windows kutokea. Mwalimu anasema alizima na kuwasha mara kumi na moja. "Watoto walikuwa wanacheka," anasema. "Mdogo wangu wa mwisho aliniuliza, Papa, unapigana na ordinateri?"

Na umeme. Sola ya nyumbani kwake inawasha taa mbili na kuchaji simu, haiwezi laptopu. Kuweka Linux kulichukua kama nusu saa, na umeme ukikatika katikati unaweza kubaki na mashine ambayo haina Windows wala Linux. Walikwenda kwa mwenye duka la kuchajia lenye sola kubwa, saa saba mchana, jua likiwa kichwani, wakalipia saa mbili. Ushauri wetu ni huo. Msifanye kazi hii jioni kwa sababu tu mmechangamka.

Neno la siri linalofungua mlango na kukataa dirisha

Linux ikaingia. Kioo kikawa kizuri, mashine ikawa inawaka haraka kuliko zamani. Familia ikashangilia. Kesho yake ndipo shida ya ajabu kuliko zote ilipoanza, na mwandishi wenu hajawahi kuisikia ikielezwa vizuri kwa Kiswahili, kwa hiyo tuvumiliane.

Mwalimu alisoma Kongo, akachagua lugha ya Kifaransa wakati wa kuweka. Programu ikampendekezea na kibodi ya Kifaransa, ile ya AZERTY tuliyofundishwa. Yeye akakubali, kwani ndiyo anayoijua. Lakini laptopu imetoka Marekani, na herufi zilizochapwa juu ya vitufe vyake ni za QWERTY. Akaandika neno lake la siri akitazama vitufe, na kioo kikawa kinaonyesha nukta tu. Kilichohifadhiwa sicho alichodhani. Alipogonga kitufe kilichoandikwa A, kompyuta ilipokea Q. Alipogonga M, ilipokea koma. Tarakimu zikawa alama na herufi zenye lafudhi.

Kesho yake neno lake likafungua kompyuta bila shida, kwa sababu vidole viligonga vitufe vilevile, na kompyuta ikatafsiri kwa makosa yaleyale. Akaanza kuandika mtihani wa wanafunzi, akaona kila M ni koma. Akaingia kwenye mipangilio, akabadilisha kibodi kuwa ya Marekani. Safi. Maandishi yakatoka sawa.

Ila kuanzia hapo, kila alipotaka kuongeza programu au kuruhusu marekebisho, kompyuta ilimwomba neno la siri na kulikataa. Akizima na kuwasha, pale mwanzoni linakubaliwa. Akiingia ndani, linakataliwa. Siku tatu! Fundi akasema labda diski imeharibika, tufute tuanze upya. Jirani mwingine akasema ni virusi vya Linux. Mke wake akasema kwa upole kwamba Windows ilikuwa polepole lakini ilikuwa inamjua mwenyewe.

Aliyefumbua fumbo ni binti wa mtihani. Alimwomba baba yake jambo rahisi sana: "Papa, andika hilo neno mahali linapoonekana." Wakafungua ukurasa mtupu, wakairudisha kibodi ya Kifaransa, mwalimu akagonga neno lake akitazama vitufe kama siku ile. Kwenye kioo likatokea neno ambalo halipo katika lugha yoyote ya watu. Wote wakalitazama. Hilo ndilo lilikuwa neno la siri la kweli. Ukurasa wa kuingilia ulikuwa bado unatumia kibodi ya Kifaransa, ndani kulikuwa na ya Marekani, na mwalimu alikuwa katikati kama mtu mwenye funguo moja na makufuli mawili.

Dawa yake ni fupi. Waliacha kibodi zote mbili kwenye mipangilio, wakachagua ya Kifaransa ili neno la zamani likubaliwe, kisha wakafungua lile dirisha jeusi la amri, wakaandika passwd na kuweka neno jipya. Hapo napo mgeni anashtuka, kwa sababu ukiandika neno la siri kwenye dirisha lile halionyeshi hata nukta. Utafikiri kibodi imekufa. Haijafa, endelea kuandika, bonyeza Enter. Neno jipya walilitunga kwa herufi ambazo hazihami kati ya kibodi hizi mbili: waliepuka A, Q, Z, W na M, pamoja na tarakimu na alama zote. Sasa linafungua kote. Kwa kuwa halina tarakimu walilifanya refu, maneno manne yaliyounganishwa ambayo hayana uhusiano.

Kuhusu Wi-Fi nitasema kwa haraka. Ilikataa siku ya kwanza, kama inavyokataa kwenye laptopu kadhaa za miaka ile, kwa sababu kifaa chake kinahitaji programu ndogo ya mtengenezaji ambayo haimo kwenye Linux tangu mwanzo. Watu wanazunguka mwaka mzima: ili upate intaneti unahitaji programu hiyo, na ili upate programu hiyo unahitaji intaneti. Toka kwa njia ya simu. Iunganishe kwa waya wa kuchajia, washa kushiriki intaneti kwa USB, laptopu itaipata papo hapo. Kisha fungua « Gestionnaire de pilotes », chagua inachokupendekezea, washa upya. Zima marekebisho mengine kwanza, la sivyo yatakula bando lote kabla hujafika kwenye Wi-Fi.

Yasiyowezekana

Tusidanganyane. Programu za Windows haziingii kwenye Linux kama zilivyo. Mwenye kibanda cha picha anayefanya kazi na Photoshop, au karani ambaye ofisi yake inamlazimisha kutumia programu fulani ya hesabu ya Windows, abaki alipo au achague kuweka Linux pembeni ya Windows, sentensi ile ya « à côté de ». Barua na mitihani vinaandikwa kwenye LibreOffice na inafungua mafaili ya Word, lakini mara nyingine jedwali linahama na herufi zinabadilika. Ukituma CV au maombi ya masomo, yatume kwa PDF ili yafike kama ulivyoyapanga. Na kompyuta za zamani sana, zile za bit 32, Linux Mint ya sasa haizikubali kabisa. Muulize anayejua kabla ya kumaliza bando.

Kwa upande mwingine, nyumba ile imepata vitu ambavyo haikuwa navyo. Kuna GCompris, michezo ya kujifunza herufi na hesabu ambayo ina Kifaransa, na yule mtoto mdogo sasa anagombania zamu. Kuna Kiwix, inayosoma Wikipedia bila intaneti ukishaipakua mara moja, na binti wa mtihani anaitumia kwa biolojia. Flashi za majirani zenye virusi zinaletwa kwake kusafishwa kila Jumamosi, bure kwa wanafunzi. Fundi wa simu naye amejifunza kitu: siku hizi kabla ya kufuta diski ya mtu anauliza kwanza juu ya picha, na haamini mpaka aone ukubwa wa faili.

Kamera ya laptopu ile bado haifanyi kazi. Mdogo wake wa Marekani wanazungumza naye kwa simu. Yule ndugu alitumiwa picha ya bibi mwezi uliopita, kwa sababu kumbe hata yeye hakuwa nayo.

Flashi ya Linux Mint ipo kwa mwalimu, na wasomaji wanaoitaka watuulize hapa kwenye jarida tutawaelekeza. Uje na flashi yako ya GB 8 isiyo na kitu, chaja yako, na nakala ya picha zako umeshaifungua na kuiona. Uje mapema mchana, jua likiwa bado juu.